Waya bado una kazi yake: hedifoni, gitaa na bumu letu

Bumu limeingia, na si mnajua likiingia hosteli inavyokuwa... chipsi kuku zinaisha saa moja jioni na kila mtu ana kitu kipya cha kuonyesha. Safari hii kitu kipya ni hedifoni. Kwenye korido yetu peke yake nimehesabu watu watano wenye hedifoni mpya. Wanne wamenunua za Bluetooth, na wawili kati ya hao wanne wanajifunza gitaa. Hao wawili ndio walionifanya nikae niandike, maana tumebishana mpaka saa sita usiku na bado nina maneno.

Msimamo wangu ni mmoja na sitauzungusha. Kama wewe ni mwanafunzi, unaishi kwa bumu, unapiga gitaa na unapenda kusikiliza muziki, na hela yako inatosha hedifoni moja tu, nunua ya waya. Ikiwezekana ya kufunika masikio, isiyo na besi ya kutisha. Nikisema hivyo naambiwa nina mambo ya kizamani, ati waya ni wa bibi. Sawa, mimi bibi. Ngoja nieleze.

Kwanza kwa nini mtu anayepiga gitaa anahitaji hedifoni kabisa. Chumba chetu kimepangwa watu wanne, tunalala sita, mambo ya kubebana hayo. Kuna anayesoma kwa ajili ya tesiti, kuna anayelala, kuna anayeongea na mchumba wake chini ya shuka akidhani hatumsikii. Huwezi kuwasha amplifaya humo ndani hata ya wati tano. Mwenye gitaa la umeme bila hedifoni atafanya mazoezi saa ngapi? Mwenye gitaa kavu naye asidhani hayamhusu. Kavu halihitaji hedifoni ili lisikike, lakini unalihitaji sikio kwenye wimbo unaojifunza, na wimbo huo huwezi kuurudia mara arobaini kwa spika ya simu huku wenzako wanakuangalia tu. Kipande cha sekunde nane, mara arobaini! Urafiki wa kweli unaishia mara ya kumi na mbili.

Sasa tuje kwenye Bluetooth. Sisemi ni mbaya. Kwa kusikiliza muziki ukiwa kwenye daladala, kwa kuangalia muvi, kwa kukimbia, ziko sawa kabisa. Tatizo lake kwa mpiga gitaa ni moja, nalo ni kubwa: sauti inachelewa. Kifaa kinachotuma kinabana sauti, kinaituma hewani, hedifoni inaipokea, inaikusanya kidogo ili isikatikekatike, inaifungua, ndiyo unaisikia. Shughuli hiyo kwa hedifoni nyingi za kawaida inachukua kati ya milisekunde 100 na 300. Utaniambia hiyo si kitu, kufumba jicho tu. Haya, tupige hesabu, siyo bure tumesoma fizikia ya kidato cha pili. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 200 ni sawa na mita 68 na kitu. Uwanja wa mpira wa kiwango cha kimataifa una upana wa mita 68. Kwa hiyo mtu anayepiga gitaa la umeme kupitia Bluetooth ya milisekunde 200 ni kama amesimama kwenye mstari wa pembeni wa uwanja na amplifaya yake iko mstari wa upande wa pili. Piga hapo sebene uone!

Wenzangu wakanijibu kwamba mbona kwenye muvi midomo inalingana na maneno? Inalingana kwa sababu simu inaichelewesha picha makusudi ili isubiri sauti. Wimbo nao ukichelewa robo sekunde kuanza hakuna anayejua. Lakini kidole chako nani atakichelewesha? Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Ukichelewa milisekunde 200 umekaribia kula nusu ya pigo. Wapigaji wengi wanaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa hata kwenye milisekunde 20 tu. Na ubaya wake ni kwamba mkono unajifunza. Ukifanya mazoezi mwezi mzima na sauti iliyochelewa, mkono wako unaanza kuwahi ili ulingane na unachosikia. Siku unapiga na wenzako bila hedifoni, unawaacha nyuma na hujui kwa nini wamekununia.

Kuna hedifoni zisizo na waya zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa, zinatumia redio yake yenyewe badala ya Bluetooth na hazicheleweshi hivyo. Boss wanayo inaitwa Waza-Air. Imekuwa ikiuzwa kama dola 400. Tuendelee na mada yetu ya bumu.

Hapa sasa ndipo moyo wangu ulipo kwa kweli, kwenye besi. Nendeni Kariakoo, kila duka unaloingia sifa ya kwanza ni hiyo. "Dada'angu, hizi besi yake utaikoma." Anakuwekea singeli au amapiano, kichwa kinatikisika, unatoa hela. Kwa kucheza muziki ni raha. Kwa kujifunza gitaa ni kama kusoma kitabu ambacho mtu amekimwagia chai kwenye kurasa za katikati.

Sababu ni hii. Uzi mnene kabisa wa gitaa ukiupiga wazi unatoa mlio wa kama hezi 82. Uzi mwembamba ukiwa wazi ni hezi 330 hivi, na ukipanda mpaka freti ya 22 unafika kama 1,175. Juu ya hapo kuna ule mlio wa kucha au piki ikigusa uzi, ndio unaokuambia mpigaji ameanza kupiga wakati gani hasa. Gitaa la besi linaanzia chini zaidi, hezi 41. Hedifoni za "utaikoma" zinapandisha sana kila kitu cha chini, na sauti kubwa ya chini ina tabia ya kuzifunika zilizo jirani yake. Inayofunikwa ya kwanza ni rithimu. Solo utaisikia, iko juu. Besi utaisikia mpaka kwenye meno. Rithimu inapotea kama chumvi kwenye maharage.

Na muziki wetu huu, wadau, raha yake iko kwenye magitaa yanayoongea. Sikiliza Mlimani Park, sikiliza Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Sikiliza TPOK Jazz ya Franco, pale unapokuta rithimu, solo, na katikati yao gitaa la tatu ambalo Wakongo wanaliita mi-solo. Kila gitaa linapiga kitu kidogo, chepesi, mpaka unajiuliza huyu analipwa kwa lipi, halafu yakikutana unashangaa. Au mtafute Mwenda Jean Bosco wa Katanga, wimbo wake wa Masanga aliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Gitaa moja kavu, mtu mmoja, lakini dole gumba linatembea chini na kidole kinacheza juu, unaapa wako wawili. Kwenye hedifoni inayojua kazi yake utalisikia dole gumba peke yake na ukiamua utaliandika. Kwenye zile za besi unasikia mvumo tu na kengele juu.

Hili si suala la ushamba wa sauti. Nyimbo nyingi hizi hakuna aliyeziandika noti. Kwa muziki wa Wazungu unaingia mtandaoni, unapata tabu, unapata video ya kijana anakuonyesha kidole kwa kidole. Kwa rithimu ya wimbo wa zilipendwa wa mwaka 1975 mwalimu wako ni rekodi basi, na waliopiga wengi wametangulia. Kikipita kwenye sikio bovu kinapotea hapo hapo. Sisi tunaosoma ualimu tunapenda sana kusema vifaa vya kujifunzia, vifaa vya kujifunzia, kwenye kila andalio la somo kuna kisanduku chake. Basi hedifoni kwa mtu huyu ni kifaa cha kujifunzia kama ramani kwa mwalimu wa jiografia. Ramani yenye ziwa lisilokuwepo huitundiki ukutani kwa sababu rangi yake nzuri.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema hedifoni ni anasa. Mtu huyo huyo atatoa Sh 30,000 kwa kiatu kitakachochanika kabla ya yuu-ii, halafu akisikia umenunua hedifoni ya Sh 50,000 anakuita mtoto wa tajiri.

Sasa kununua. Kwenye boksi wameandika "20 Hz – 20,000 Hz". Usihangaike nayo. Kila boksi limeandikwa hivyo, hata za Sh 3,000 za kwenye foleni ya Ubungo. Bila kuambiwa sauti inapanda na kushuka kiasi gani kati ya namba hizo mbili, hujaambiwa chochote. Namba yenye maana kwako ni omu. Simu zetu hazina nguvu, kwa hiyo tafuta za omu 16 mpaka 60 na kidogo hivi. Kuna hedifoni za studio za omu 250, zile ukichomeka kwenye simu zinanong'ona. Beyerdynamic DT 770 kwa mfano inauzwa kwa omu tofauti tofauti, 32, 80 na 250, muonekano karibu ule ule, kwa hiyo akikuletea mtu ya mtumba soma maandishi kabla ya kushangilia.

Na jina kubwa la kampuni kwa bei ya karanga, we jua tu. Kuna duka moja, silitaji, niliona hedifoni tatu za jina lile lile kubwa, na kila moja herufi zake zimekaa tofauti. Nikamuuliza muuzaji ipi orijino, akasema "zote orijino dada, inategemea na wewe." Nilipenda sana jibu hilo. Afadhali kitu cha jina dogo kinachojulikana ni chake kuliko jina kubwa la kuazima.

Ukifika dukani usikubali wimbo wa muuzaji. Nenda na wako kwenye simu, unaoujua mpaka mpiga ngoma anapokohoa, na uwe na magitaa mawili. Jiulize swali moja tu: naweza kuifuata rithimu toka mwanzo mpaka mwisho bila kuisaka? Sauti iwe ya kati, usipandishe, maana kila kitu kikipandishwa kinaonekana kizuri. Kisha chezea waya pale shingoni mwa pini, ukunje taratibu huku wimbo unaimba. Ikikwaruza, rudisha na tabasamu. Waya hufia hapo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Habari njema ni kwamba ukifia hapo fundi simu anakata, anaunga pini mpya, hela ya chipsi kavu tu. Betri ya Bluetooth ikichoka mwaka wa pili nenda kwa fundi huyo huyo umsikie atakavyocheka.

Za kufunika masikio ziko za mgongo uliofungwa na za mgongo wazi. Za wazi zina sauti ya hewa, nzuri sana, lakini zinavuja na jirani anasikia kila unachofanya. Kwa mwenye chumba chake ni raha. Kwa sisi tunaobebana, chukua zilizofungwa. Ubaya wa zilizofungwa ni joto. Februari hii ya Dar, nusu saa tu masikio yanachemka kama maandazi. Na ile ngozi ya plastiki kwenye sponji, kwa jasho na chumvi ya hewa yetu, baada ya muda inaanza kubanduka vipande vyeusi, unatoka chumbani una masizi shingoni mtu akidhani unapikia mkaa. Hivyo kabla hujanunua uliza kama sponji zake zinauzwa peke yake, au angalau uone kama zinatoka. Kitambaa kinavumilia kuliko ngozi ya bandia.

Majina mnayataka, najua. Audio-Technica ATH-M20x ndiyo ningempa mtu yeyote anayepiga gitaa: imefungwa, omu 47, waya wa mita 3 kwa hiyo unaweza kukaa kitandani amplifaya ikiwa chini, na inakuja na adapta ya pini nene. Waya wake hauchomoki, hilo ndilo pungufu. Marekani imekuwa ikiuzwa kama dola 50 hivi, hapa ongezeni safari na faida ya mtu. Koss Porta Pro ipo tangu 1984 na bado inatengenezwa, nyepesi, tamu kwa kusikiliza, ila ni ya wazi na besi yake imepanda kidogo. Superlux za Taiwan ni rahisi kwa ubora wake, ila zile HD 681 na HD 668B zinavuja sauti. Sony MDR-ZX110 ni ndogo, inakaa juu ya sikio, imefungwa, bei yake inashikika, na waya wa mita 1.2 utakulazimisha kukumbatiana na amplifaya. Ukiwa na hela ndogo kabisa kuna iafoni za Kichina za KZ, nyingi waya wake unachomoka ukikatika unabadilisha waya tu. Nyingi besi na mikwaruzo ya juu imepandishwa, lakini kwa bei ile sikuzuii.

Kwa wenye gitaa la umeme, tusikilizane hapa maana naona watu wanahangaika. Hedifoni huchomeki moja kwa moja kwenye gitaa. Mawimbi yanayotoka kwenye gitaa ni madogo mno, utasikia mbu, tena upande mmoja. Tundu la gitaa ni la milimita 6.35 na ni la sauti ya upande mmoja. Hedifoni ina pini ya 3.5 yenye pande mbili. Katikati panahitajika kitu cha kukuza. Vox wana kidude kinaitwa amPlug, kinachomekwa kwenye gitaa, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, hedifoni inaingia humo. Ziko na za Kichina zinazofanana za kuchaji. Kutumia programu ya simu na kiunganishi cha gitaa inawezekana, lakini simu nyingi za Android zenyewe zinachelewesha sauti kidogo hata kama hedifoni ni ya waya, kwa hiyo jaribu kwa mtu kabla hujatoa hela.

Halafu kuna kituko cha pini yenye maiki, ile yenye mistari mitatu myeusi. Ukiichomeka kwenye amplifaya au redio ya zamani, wakati mwingine mwimbaji anapotea, unabaki na mwangwi na vyombo vya pembeni. Hedifoni haijafa. Mguso wa pini haujakaa. Ivute nyuma nusu milimita, au bonyeza kile kitufe cha kupokelea simu ukishikilie, mwimbaji anarudi kazini.

Mtaniuliza, simu yenye tundu la hedifoni bado ipo? Tangu Apple walipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 wengi wakawafuata. Lakini simu nyingi za bei yetu bado zinalo, na zisizonalo kuna adapta ya Type-C. Hapa kuwa maskini kuna faida kidogo.

La mwisho nimelipitisha makusudi mpaka sasa, maana watu wakisikia afya wanafunga ukurasa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90 ni saa 4 tu, kwa wiki nzima! Mtu wa iafoni ndani ya daladala, injini inanguruma, konda anapiga bati, anapandisha mpaka mwisho. Saa 4 zake zimeisha Jumanne. Zilizofungwa zinazuia kelele ya nje, kwa hiyo hupandishi sana. Na sisi walimu wa kesho tuna sababu yetu ya ziada. Mwakani tunaenda BTP, utakutana na darasa limejaa mpaka dirishani, na mtoto wa dawati la nyuma anayeuliza swali kwa sauti ya chini kwa sababu anaona aibu. Usipomsikia ataacha kuuliza. Mi naona hilo ni kubwa kuliko gitaa lote.

Basi, ukinunua hedifoni ya bei ya wastani na kikabaki kitu, usikimbilie kava la gitaa. Nunua seti ya nyuzi. Nyingi ninazoziona humu hosteli zina kutu mpaka zinalia kama bati la choo, na hapo hakuna hedifoni itakayokusaidia. Na kama kuna mtu anajua pa kupata sponji za kitambaa za milimita 90 hapa mjini kwa bei ya kibinadamu, anitafute, niko ghorofa ya pili, chumba kinachotoa rithimu.